Chupa Mbili Zisizofunguliwa

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeanza saa nne asubuhi, na saa nne hiyohiyo binti wa mdogo wangu wa kike ameanguka kanisani. Naandika kama nilivyoambiwa na walioona, maana mimi sikuwepo. Si mshirika wa kanisa lile wala la jingine lolote. Jumapili zangu ni za kufua.

Mtoto ana miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza. Ana kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni, kabla ya kula, na bila hiyo hafiki mbali. Ijumaa jioni alikwenda kwa bibi yake, mama wa marehemu baba yake, akakaa huko hadi leo asubuhi, baba yake mdogo alipomshusha kwenye lango la kanisa. Aliomba maji. Akaomba tena. Akatapika kwenye nyasi. Mama yake akadhani ni mwendo wa gari.

Leo ilikuwa siku yao ya kuombea wagonjwa. Mzee wa kanisa, ambaye siku nyingine zote ni mwokaji mikate, alipita kwenye viti akiwa na chupa ya mafuta. Akamwinamia Chiriku. Mtoto akainuka, akaanguka.

Hayo ndiyo yaliyoonekana dirishani, na dirishani walijaa wapita njia waliojikinga mvua. Kufika jioni mtaa ulikuwa na habari yote, pamoja na sehemu ambazo hakuna aliyeziona.

Jumatatu, 11 Machi

Amefumbua macho. Daktari wa wodi ya watoto ni mwanamke mfupi anayejibu alichoulizwa tu. Amesema mwili wa mtoto haukupata insulini kwa zaidi ya siku moja, pengine mbili, pengine tatu. Nikamuuliza kosa ni la nani. "Damu inaniambia muda," akasema. "Majina hainiambii."

Mdogo wangu akamweleza kwamba alimfungashia mtoto chupa mpya ya insulini Ijumaa, na sindano zake. Bibi akafika na mwavuli mkubwa, akasema alimchoma kwa mkono wake mwenyewe kila mara, lakini mtoto alimfikia akiwa hoi, kwa sababu mama yake alikuwa amemwachisha dawa wiki nzima kwa amri ya kanisa. Bibi alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na mji mzima bado unamwita Mwalimu Mkuu. Anaposema jambo, watu hukaa wima.

Mdogo wangu anashona mapazia.

Jumatano, 13 Machi

Gazeti letu, ukurasa wa kwanza, herufi za kutisha: KANISA LAMPAKA MTOTO MAFUTA BADALA YA DAWA.

Nimefanya kazi kwenye gazeti hili kwa miaka ishirini na sita. Nimeandika kesi za mauaji nikiwa na kichwa baridi na sikukosea tarehe. Leo niliingia ofisini kwa mhariri bila kubisha.

"Nani aliwapigia simu kanisani?"

"Kaa kwanza, mama."

"Nimeuliza nani aliwapigia."

"Wale watu wa beseni hawasemi na magazeti. Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni nani? Ana namba ya simu?"

Akacheka. Huwa anacheka akibanwa. Akasema nina mgongano wa maslahi, mtoto ni wa mdogo wangu, na kwamba habari imeuza. Nikamwambia hata mwizi huuza.

Wanaitwa Watu wa Beseni kwa sababu huoshana miguu. Jina lao rasmi ni refu na sijasikia mtu yeyote akilimaliza.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamua kuandika yote ninayoambiwa kuhusu kanisa hili, pamoja na nani kaniambia, kama ambavyo ningeandika shauri lolote.

Kinyozi: hawamezi hata kidonge cha kichwa. Nikamuuliza amemwona nani akikataa kidonge. Akasema hayo hayaonekani, ndiyo maana ni siri.

Mama mwenye duka la vitambaa: beseni lao lina damu. Damu ya nini? "Wewe ndiye mwandishi, chunguza."

Mwenye nyumba wa mdogo wangu: wamekatazwa kulia msibani, na nyumba zao wameuza zote wakisubiri mwisho wa dunia. Yeye mwenyewe ana wapangaji watatu wa kanisa hilo, na wanamwomba kila mwaka atengeneze paa. Nikamuuliza anayesubiri mwisho wa dunia anataka paa la nini. Akasema nina ulimi mkali.

Dereva aliyenirudisha: wanaume na wanawake huoshana miguu gizani, "na dada yangu, hapo unajua mwenyewe."

Watu wazima, wana watoto, wanapiga kura.

Wateja wanne wamekuja kuchukua vitambaa vyao kwa mdogo wangu, viwili bado havijakatwa. Mmoja alivinusa kabla ya kuondoka. Sijui alitarajia harufu gani.

Alhamisi, 21 Machi

Imekuja hati ya mahakama. Mwalimu Mkuu anaomba apewe mtoto moja kwa moja. Sababu: mama ni mfuasi wa imani inayokataza tiba.

Mdogo wangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akarudi kwenye mashine na kumalizia pindo la pazia ambalo mwenyewe hatalichukua.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Ilikuwa siku ya beseni.

Beseni ni la plastiki, kijani, lina ufa ukingoni. Ndani mna maji ya uvuguvugu, kwa sababu wengi wao ni wazee na maji baridi yanawauma vifundo. Sabuni ni ya kipande. Wanawake chumba kimoja, wanaume kingine, taa zote zinawaka. Damu sikuiona. Nilichoona ni kucha, nyingi zikihitaji mkasi.

Kuna jambo moja sikuwahi kulisikia mtaani. Kabla ya kuosha, kila mtu humwendea aliyekosana naye, na wasipopatana hakuna anayeendelea, hata wengine wote. Leo wanawake wawili walikuwa wamegombania cherehani. Mmoja akakunja mikono. Tukasubiri. Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa, akalala. Tukasubiri. Nimesubiri hukumu za kifo zikitoka haraka kuliko ule upatanisho wa cherehani. Mwishowe aliyekunja mikono akasema, "Haya basi, njoo, lakini sindano yangu bado unayo," na maji yakamiminwa.

Halafu wakaombewa wagonjwa. Hapa niliandika neno kwa neno.

Mzee mwokaji alisimama mbele ya babu mmoja mwenye shinikizo la damu. Hakufungua chupa. Akauliza kwa sauti, kanisa zima lisikie: "Dawa imeingia?"

"Imeingia."

Ndipo akafungua, akampaka kidole kimoja cha mafuta kwenye paji la uso, akaomba. Akaenda kwa mwanamke wa pili. "Dawa imeingia?"

"Imeniishia juzi, mzee."

Akaitia chupa kwenye mfuko wa koti. Mwanamke mmoja akatoka na mgonjwa kwenda duka la dawa, kwaya ikaimba nyimbo zote ilizozijua, na tukabaki hapo mpaka wakarudi wamelowa. Akameza mbele yetu, kwa maji ya bomba. "Imeingia," akasema, na chupa ikafunguliwa.

Nilimfuata mwokaji nje. Alikuwa anatafuta mwavuli wake.

"Tarehe kumi, ulimpaka Chiriku mafuta?"

"Hapana."

"Watu walikuona umemwinamia."

"Nilimuuliza swali letu. Akatikisa kichwa, kwamba haijaingia. Nikamwambia mama yake, twende hospitali sasa hivi. Mtoto akainuka, akaanguka. Chupa sikuifungua."

"Wiki mbili hizi! Kwa nini hukusema?"

Akaupata mwavuli, akauchunguza, akaona si wake, akaurudisha.

"Nani ameniuliza, mama? Kiwanda changu kinatazamana na gazeti lenu. Mnakuja kununua mikate kila asubuhi. Nani ameniuliza?"

Jumatatu, 25 Machi

Nimempelekea mhariri maelezo ya mwokaji yaliyosainiwa. Amesema watayafikiria kwa ukurasa wa maoni. Nikamwambia kwamba mtu kusema hakufungua chupa si maoni. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Sijachoka. Nina hasira, na hivyo ni vitu viwili.

Jumatano, 27 Machi

Mahakama. Nilikaa viti vya ndugu. Ni mara ya kwanza kwenye jengo lile nikiwa sina kalamu mkononi.

Karani akampa mdogo wangu Biblia. "Ishike, useme baada yangu."

"Siapi."

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Wakili wa Mwalimu Mkuu akainuka kabla ya kuitwa. "Mheshimiwa, mahakama ijionee. Mwanamke anayedai ana imani anaogopa kushika kitabu cha imani yake!"

Hakimu ni mwanamke mwenye miwani ya kusomea puani. Akamtazama mdogo wangu juu ya miwani. "Kwa nini hutaki kuapa?"

"Kwa sababu nimekisoma, Mheshimiwa. Humo ndani tumeambiwa tusiape. Ndiyo yangu itoshe kuwa ndiyo."

Mtu akacheka nyuma. Hakimu akamgeukia karani: "Mpe uthibitisho usio wa kiapo. Umo kwenye sheria tangu hujazaliwa." Lakini minong'ono ilikuwa imeshapita mlangoni. Nilipotoka nilimkuta muuza karanga akimweleza mteja kwamba yule mama alipogusa Biblia aliungua.

Mdogo wangu alieleza: alimfungashia mtoto chupa mpya, haijatobolewa, akampeleka Ijumaa akiwa mzima. Wakili akamuuliza: "Kwa hiyo unasema bibi alimnyima mtoto dawa?"

Akamtazama mkwe wake.

"Jibu, mama. Unamshutumu mkwe wako?"

"Siwezi kulijibu hilo leo."

"Huwezi au huna jibu?"

"Siwezi leo."

Nilijikuta nimeuma kidole changu.

Mwalimu Mkuu alipoitwa aliishika Biblia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepokea kombe. Akaapa kwa sauti ya paredi. Akasema alimchoma mtoto kila asubuhi na kila jioni. Hakuna aliyenong'ona.

Hakimu hakutaka kumsimamisha mtoto ashuhudie kati ya mama na bibi. Akauliza kama kuna ndugu asiye wa kanisa lile wala wa nyumba ile. Nikanyoosha mkono. Mpaka tarehe kumi na saba Aprili Chiriku atakaa kwangu, na wote wawili watamwona mbele yangu.

Mimi sijawahi kumlea hata paka.

Jumamosi, 30 Machi

Nimejifunza kuchoma sindano. Tumbo upande wa kulia asubuhi, wa kushoto jioni. Chiriku hunisimamia. "Mama mkubwa, usifumbe macho wewe, mimi ndiye wa kufumba."

Leo baada ya sindano alikaa kimya, na Chiriku akikaa kimya mtu lazima ageuke. Nikageuka.

"Kwa bibi sikuchomwa," akasema. "Bibi alinipa unga kwenye maji ya moto. Unga wa mizizi, wa yule mtu wa redioni anayeponya sukari. Akasema tukimaliza pakiti nzima sitachomwa tena mpaka nizeeke. Halafu akasema nisiseme."

"Mama yako anajua?"

"Nilimwambia hospitali. Yeye hawezi kusema mpaka njia tatu ziishe. Mimi sijabatizwa, naruhusiwa."

Jumatatu, 1 Aprili

Nimegombana na mdogo wangu kwenye chumba chake cha kushonea, mbele ya mashine, na mlango wazi. Sijali nani alisikia.

"Ulijua! Ulisimama mbele ya hakimu ukijua!"

"Punguza sauti, dada."

"Sipunguzi. Njia tatu ni nini?"

Akanieleza huku akizungusha uzi kwenye bobini ya mashine, kama mtu anayemweleza mteja bei. Kwao mtu akikukosea humsemi hadharani kabla ya kumwendea peke yako. Asipokusikia, unarudi na mashahidi wawili. Asiposikia tena, hapo ndipo unaruhusiwa kusema mbele ya watu.

"Na umemwendea?"

"Mara mbili hakunifungulia."

"Wanataka kukunyang'anya mtoto, nawe umekaa unasubiri mlango ufunguliwe!"

"Mtoto yuko kwako. Anachomwa asubuhi na jioni. Angekuwa mikononi mwa mama mkwe, dada, ningepiga kelele siku ileile mpaka paa liruke. Mzee alituambia hivyohivyo: uhai hausubiri njia. Lakini hapa kinachosubiri ni jina langu tu."

"Na jina lako ndilo hakimu atakalolitazama!"

"Alitazame."

Nilipiga meza. Mkasi ukaanguka. Mimi, ambaye wenzangu ofisini huniita Barafu. Nikamwambia kanisa lake linamfunga mdomo kuliko mkwe wake alivyomfunga mtoto, na kwamba watu wanaomzushia hawana njia tatu, wana njia moja, pana, ya lami, nao wanaipita kila siku.

Akauokota mkasi. "Ndiyo maana nataka yangu iwe tofauti," akasema.

Nikaondoka. Nilitaka kuandika kila kitu gazetini jioni ileile. Kilichonizuia ni kwamba mhariri angekataa, na kwamba siri haikuwa yangu. Naandika sababu zote mbili kwa uzito wake. Ya kwanza ilikuwa nzito zaidi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Sindano mbili. Sijasema na mdogo wangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mdogo wangu amefunguliwa mlango. Alisimama kwenye mvua kwenye kibaraza cha Mwalimu Mkuu mpaka jirani akaona aibu na kumpigia Mwalimu Mkuu simu. Akasema alichokwenda kusema. Mwalimu Mkuu akamjibu: "Mwanangu alioa mshona mapazia, nikavumilia. Sasa mshona mapazia anakuja kunifundisha dawa." Mlango ukafungwa.

Ya kwanza imekwisha. Amesema hivyo tu, akikamua khanga yake kwenye sinki langu.

Jumanne, 9 Aprili

Njia ya pili. Mashahidi wawili ni mwokaji na mimi. Niliuliza kama mtu asiyeamini anafaa. Mwokaji akasema, "Tunatafuta masikio, mama. Unayo."

Sebule ya Mwalimu Mkuu ina picha za madarasa ukuta mzima, yeye katikati kila moja. Hakutukaribisha viti. Shemeji yake mdogo wangu, baba mdogo wa Chiriku, alikuwa jikoni. Ni fundi wa majokofu, na jokofu la mama yake lilikuwa limevutwa mbele, yeye amepiga magoti nyuma yake na bisibisi mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Mdogo wangu alisema maneno machache. Kwamba mtoto alipewa unga. Kwamba hakuchomwa. Kwamba hajaja kumshtaki, amekuja kumwomba aseme kweli mwenyewe kabla hajasemewa.

"Mtoto ni mwongo," Mwalimu Mkuu akasema. "Kwenu huko mnamfundisha uongo na kuogopa sindano."

"Mama, kwetu swali la kwanza huwa ni dawa," mwokaji akasema.

"Wewe oka mikate."

"Naoka. Na tarehe kumi nilimuuliza mjukuu wako, akatikisa kichwa."

Bisibisi kule jikoni ilikuwa imenyamaza. Nilitazama. Shemeji alikuwa bado amepiga magoti, lakini amejivuta mbele na kuufungua mlango wa jokofu, anatazama pale kwenye rafu ya mayai, kwa namna mtu anavyotazama mahali alipowahi kuona kitu. Akaniona namwona. Akarudisha uso nyuma ya mashine.

Nimehoji watu wengi wanaojua jambo. Huwa hawatetemeki. Huwa wanapata kazi ghafla.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira mpya kabisa, tofauti na zile za zamani. Ile ya kwanza ilikuwa ya watu wasiojua. Hii ni ya anayejua.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda karakana ya shemeji. Nikamwambia sina swali. Nikakaa kwenye kiti cha wateja kimya, kisha nikaondoka.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kubwa, hakimu aliwaomba watu wapaze sauti kwa sababu ya bati.

Mwokaji ndiye aliyeanza. Naye hakuapa, naye akathibitisha, na safari hii ukumbi ulichoka kuvuma. Wakili: "Ulimpaka mtoto mafuta?"

"Hapana."

"Mzee, watu wasiopungua kumi walikuona na chupa!"

"Waliona chupa. Haikufunguliwa. Kwetu mafuta hayatangulii dawa. Aliniambia haijaingia."

Hakimu akaandika, akarudia kuandika. Kisha akamwita tena mdogo wangu na kumuuliza lile swali aliloliacha mwezi uliopita.

"Mheshimiwa, nimemwendea peke yangu, hakunisikia. Nimemwendea na mashahidi wawili, hakunisikia. Sasa naweza kusema. Mtoto hakuchomwa sindano hata moja kwa bibi yake. Alipewa unga wa mizizi. Bibi hakutaka kumuua. Alitaka apone. Lakini hakumchoma."

Wakili alikuwa tayari: neno la mama dhidi ya neno la mwalimu mkuu aliyekula kiapo. Hakimu akauliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa kwenye nyumba ile. Kisha kiti kikalia nyuma yangu, na shemeji alikuwa amesimama, kofia ya kazi mkononi.

"Kaa chini," Mwalimu Mkuu akasema. Hakugeuka hata. Ile sauti ningeitii mimi.

Hakukaa.

Akapelekwa mbele. Akaishika Biblia, akaapa, sauti yake ikizidiwa na bati, hakimu akamwambia arudie, akarudia.

"Jumapili ile, baada ya kumshusha mtoto kanisani, nilirudi kunywa maji," akasema. "Nikafungua jokofu. Chupa yake ya insulini ilikuwa kwenye rafu ya mayai. Kizibo chake kilikuwa bado kimebanwa, Mheshimiwa. Haijatobolewa. Nikadhani ni ya akiba. Jioni nikasikia mtoto ameanguka, nikarudi kutazama, chupa haipo."

"Kwa nini hukusema mpaka leo?"

Akamtazama mama yake. "Mheshimiwa, huyo alinifundisha kusoma."

Hapo Mwalimu Mkuu akainuka mwenyewe. Hakulia. "Mnamchoma mtoto mara mbili kwa siku," akasema, "na mtamchoma mpaka afe. Mwanangu wa kwanza nilimzika. Nilitaka mmoja tu katika nyumba yangu apone. Mmoja!" Wakili akamvuta mkono wa gauni. Akakaa.

Uamuzi ulisomwa baada ya mapumziko. Mtoto arudi kwa mama yake. Bibi amwone Jumamosi mojamoja, ikiwa mama ataridhia. Nikamgeukia mdogo wangu nikiwa na hakika ya jibu.

"Naridhia," akasema.

Nilimkamata nje, kwenye ngazi. "Una wazimu wewe?"

"Njia zote tatu nimekwenda, dada. Zimekwisha. Unataka nianze ya nne?"



Ijumaa, 19 Aprili

Gazeti letu. Ukurasa wa kumi na saba, chini ya tangazo la magodoro, mistari miwili: "Kanisa lililotajwa katika toleo la 13 Machi linasema halikatazi tiba." Linasema! Mahakama imethibitisha, shahidi ameapa, daktari ameeleza, na sisi tunaandika "linasema".

Nikamwambia mhariri kwamba mistari miwili ile ina kosa moja na woga mmoja. Akaniambia habari imeshapita. Nikamjibu kwamba haijapita, iko kwa kinyozi, iko dukani, iko kwa muuza karanga, na itakuwepo tukishakufa sote wawili. Kisha nikarudi mezani, nikaandika habari ya shimo la barabarani, maneno mia tatu, bila kosa.

Jumanne, 23 Aprili

Mteja mmoja amerudisha vitambaa vyake kwa mdogo wangu. Si yule aliyenusa.

Jumamosi, 27 Aprili

Manyunyu. Kinyozi ananieleza kwamba Watu wa Beseni walimroga hakimu.

Jumamosi, 4 Mei

Leo anga limekuwa safi tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya bibi, ya kwanza. Mdogo wangu ana mapazia ya kumaliza, akaniomba nimpeleke Chiriku jioni. Nadhani aliniomba makusudi, akijua sitalala nisipoona mwenyewe. Nilibeba chupa mpya na sindano kwenye mkoba wangu, na nilikuwa nimejiandaa kuchoma mimi.

Mwalimu Mkuu alitufungulia. Mimi hakunisalimu. Nami sikumsalimu. Shemeji alikuwa mezani, amenawa mikono, amekaa kama mwanafunzi aliyechelewa. Mezani palikuwa na chai na mkate, mkate wa mwokaji. Nimeutambua kwa ile alama anayokata juu.

Chiriku alikuwa ameshaanza hadithi ya mwalimu wake aliyeteleza kwenye tope, na huku anasimulia akanyoosha mkono kwenye mkate. Mwalimu Mkuu akagonga meza kwa kijiko.

"Mkono chini," akasema. Akatazama ukutani, kwenye picha zake, si kwangu. Akalitoa swali kwa shida, kama mtu anayetema mfupa. "Dawa imeingia?"

"Bado, Bibi."

"Basi hakuna anayekula hapa."

Akaninyooshea kiganja. Nilikaa na mkoba mapajani muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha nikampa. Alivaa miwani, akaisoma chupa pande zote, akang'oa kizibo, akavuta dawa, akapiga bomba la sindano kwa kucha mapovu yatoke. Alimchoma tumboni, upande wa kushoto. Sikufumba macho.

"Imeingia," Chiriku akasema, akachukua mkate, akaendelea na tope la mwalimu wake pale alipoliacha.

Mimi sikumsamehe. Sina kanisa la kunilazimisha. Kizibo cha chupa kilikuwa kimeangukia sakafuni, kimebiringika mpaka kwenye kiatu changu. Nikainama nikakiokota na kukitia mfukoni. Ushahidi ni ushahidi.